Donati za Magunzi

Ndizi inayofaa kwa donati ni ile ambayo mtu mwenye akili zake hawezi kuinunua. Ngozi imeshakuwa nyeusi, imelegea, na nzi wadogo wameshapeana habari. Wachuuzi wa soko la Embu wananijua kwa jambo hilo. Nikitokea, mmoja wao huinama chini ya meza na kutoa zile alizokuwa amewawekea mbuzi wake, ananiambia, "Mama, zako ndizo hizi." Nimezoea kushindana na mbuzi, na sioni haya tena.

Kwa miaka miwili nilinunua ndizi za namna hiyo kila Ijumaa, nikaoka kila Jumamosi, na kila Jumamosi nikashindwa. Si kwamba donati hazikuwa zikiiva. Ziliiva vizuri, zikawa na rangi ya udongo mwekundu, na majirani zangu walizila wakaomba nyingine. Lakini mimi nilikuwa natafuta donati moja tu, ile ya mama yangu, na niliitafuta kwa sababu donati ya mwisho niliyompa yeye mwenyewe haikuwa ile. Mama alikwenda kabla sijampa iliyo sawa. Nilijua siwezi kumpa tena. Hata hivyo nilitaka niipike, niijue kwa ulimi, niseme angalau hii ndiyo ningempa.

Kwetu ni Kanyakine, kwenye miteremko ya Imenti Kusini, mahali ambapo mtu akikuambia shamba lake ni tambarare unajua anataka kuliuza. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, akamwachia mama mabinti wawili, ng'ombe mmoja na kahawa isiyoeleweka. Mgomba haushindwi na mkunguwe, watu walimwambia, naye akawajibu kwamba mgomba huwa unawekewa mti wa kuuegemeza, na wa kwake uko wapi. Hakuwa mtu wa kufarijiwa kwa methali. Alifanya kazi, akatuvalisha, na Jumamosi jioni akatuokea donati.

Donati alijifunza kanisani. Kina mama walikuwa wamemwalika mwalimu mmoja wa upishi kutoka Kaaga, karibu na mji wa Meru, aje awafundishe vyakula vya kisasa. Mwalimu akajaza karai mafuta, akayachemsha mpaka yakatoa moshi, akatumbukiza pete za unga. Mama alirudi nyumbani akiwa na huzuni ya aina yake. Mafuta ya karai lile yangetutosha mwezi mzima. Tena jiko letu lilikuwa la mawe matatu, na mimi nilikuwa mtoto wa kukimbia ndani ya nyumba nikiangalia nyuma. Alikaa siku mbili akiwaza, kisha akaamua kwamba donati zake zitaokwa, na kwa kuwa tulikuwa na ndizi nyingi kuliko unga, zitakuwa za ndizi.

Tatizo likawa tundu. Dada yangu, ambaye ananizidi miaka sita na ukali, alimwambia aziache tu bila tundu. Mama akakataa. Alisema donati bila tundu ni skonzi, na skonzi hatukufundishwa. Basi akapeleka makopo sita ya mafuta ya mgando kwa fundi wa mabati pale sokoni, ambaye aliyakata yakabaki na kimo cha vidole vitatu. Katikati ya kila kopo akasimamisha kipande cha gunzi la mahindi, lililolowekwa kwenye maji tangu asubuhi ili lisiungue, kisha likapakwa mafuta. Rojo ikamwagwa kuzunguka gunzi. Ilipoiva, alizungusha gunzi kidogo na kulichomoa, na pale ndani ya tundu pakabaki vishimo vidogo kwa safu, alama ya mahali punje zilipokaa. Mpaka leo nikiona donati yenye tundu laini najiambia hii imetoka dukani.

Magunzi yenyewe yalikuwa yetu. Yalitoka na makombo yameng'ang'ania, na tuliyafyonza mpaka yakawa meupe. Kwa haki yangekuwa matatu kwa matatu. Dada alichukua manne na kuniambia mkubwa ana meno mengi zaidi. Nililia juu ya gunzi hilo la nne mara nyingi kuliko nilivyolia juu ya jambo lolote la utotoni, na bado halijanitoka.

Rojo ilikuwa rahisi. Ndizi nne zilizopondwa kwa mwiko, yai moja, sukari kidogo kwa kuwa ndizi zenyewe zilikuwa sukari, kijiko cha mafuta, maziwa lala, yale yaliyoganda, nusu kikombe, unga, na poda ya kuumulia keki ambayo mama aliificha kwenye kopo la majani chai ili tusiilambe. Sufuria kubwa iliwekwa mchanga chini, makopo yakapangwa juu ya mchanga, ikafunikwa kwa sinia, na makaa yakamwagwa juu ya sinia. Moto chini, moto juu. Mama hakuwa na saa. Aliinama na kunusa, na pua yake ikamwambia.

Lakini siri ilikuwa kwenye ndizi. Nyuma ya jikoni, pale maji ya vyombo yalipomwagwa, kulikuwa na kichaka cha migomba ya zamani ambayo mama aliikuta alipoolewa. Mikungu yake ilikuwa midogo. Ndizi zake zilikuwa fupi, nono, za ngozi nyembamba, na sokoni hazikutakiwa kwa sababu zilifika zimechubuka. Kwa Kimeru tulikuwa na majina ya ndizi za kupika na za kupeleka sokoni, lakini hizi mama aliziita tu ndizi za watoto. Aliziivisha darini juu ya jiko, kwenye majani makavu ya mgomba, na moshi ulizipita siku sita au saba. Zikishuka zilikuwa na harufu ambayo siwezi kuieleza vizuri. Kidogo asali, kidogo kuni, kidogo kama sweta la mama mwenyewe.

Migomba hiyo ilikuwa na desturi yake. Bibi arusi mpya akiletwa kwenye mteremko wetu, mama alisubiri wiki mbili tatu, kisha akamwita na kumchimbia chipukizi moja. Alimkabidhi likiwa na udongo wake, limefungwa kwa jani. Na yule bibi arusi alilipokea, akageuka, akaenda zake kimya, bila hata asante. Nilikuwa nikiwaona na kukasirika kwa niaba ya mama. Nilimwambia kwamba wasichana hawa hawana adabu. Alicheka tu, akaenda kunawa mikono.

Mimi nikasoma. Nilikwenda chuo cha kilimo, nikawa afisa wa kilimo, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kuwaambia watu ng'oa hiki, panda kile. Ofisi yangu iko Embu. Siionei haya kazi yangu. Nimeona wakulima wakisomesha watoto kwa ndizi nilizowashauri wapande. Na miaka michache kabla mama hajafariki, nilipokwenda nyumbani nikaona kichaka kile cha nyuma ya jikoni kimezeeka, kimeliwa na wadudu wa fukusi, mikungu imekuwa ya kuchekesha, nilifanya kile ambacho ningefanya kwa mkulima yeyote. Nilimletea miche ishirini ya ndizi za maabara, iliyonyooka, isiyo na ugonjwa, na vijana wawili wa kuchimba mashimo.

Mama alisimama mlangoni akiwaangalia waking'oa. Nilimweleza habari za fukusi, habari za uzito wa mkungu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Wewe ndio umesoma."

Nililichukua neno hilo kuwa sifa. Ajabu ni kwamba nilikuwa na zaidi ya miaka hamsini na bado sikujua kumsikia mama yangu. Dada yangu, ambaye hakuondoka nyumbani na ndiye anayelima pale, alinitazama kwa jicho la pembeni, akaingia jikoni na kugongagonga sufuria. Migomba mipya ilishika vizuri sana. Mikungu yake ilihitaji watu wawili kuibeba, na nilipiga picha nikawaonyesha wenzangu ofisini.

Kisha moyo wa mama ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa hawezi kulala bila mito mitatu, na tukamleta kwangu Embu ili awe karibu na hospitali. Alikaa nami wiki saba. Mtu aliyemjua mama atakumbuka kwamba alikuwa mwingi wa shukrani hata ikachosha. Aliwashukuru wauguzi, alimshukuru aliyefungua lango, alimshukuru mtu aliyempigia simu kwa kukosea namba. Nilimfunika blanketi, asante. Nilimfunua, asante.

Siku moja, baada ya chai ya saa nne, aliniambia ametamani zile donati. Sikungoja aseme mara mbili. Nilikuwa na oveni ndogo ya umeme na trei ya matundu sita niliyoinunua Nairobi, na jikoni kulikuwa na ndizi alizotuma dada, za shamba letu wenyewe, kutoka kwenye ile miche yangu. Nilizioka kwa fahari. Nikamletea moja kwenye sahani, ya moto bado, nikaketi kando ya kitanda kumwangalia.

Aliuma. Alitafuna polepole, macho yamefumbwa, na kitu kikapita usoni pake ambacho nilikitambua kwa sababu nimekiona kwa wakulima wanaponusa mvua na mvua ikapita upande wa pili.

"Hizi ni zile ndizi kubwa," alisema.

Hakusema kwa lawama. Aliila yote, akapangusa vidole kimoja kimoja. Kisha akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema neno, akaufunga, akatazama dirishani. Niliingoja ile asante. Haikuja. Nilimpa maji ya kunywa, akasema, "Asante, mwanangu." Kwa maji asante ilikuwepo. Kwa donati haikuwepo.

Alifariki wiki ya tatu baada ya siku hiyo. Kwenye mazishi nilipewa kazi ya kutoa shukrani za familia, kwa kuwa mimi ndiye mzoefu wa kusema mbele ya watu. Nilishukuru kanisa, majirani, waliochimba, waliopika, nikawashukuru hadi watu wa mahema. Nilipofika mahali pa kumshukuru mama, ulimi ukakwama. Nilisimama na karatasi mkononi, sikuweza, dada yangu akaja akanishika bega akanirudisha kwenye kiti. Watu walisema ni uchungu, na kweli ulikuwa uchungu. Lakini ndani yake kulikuwa na donati ile. Nilijiambia kwamba mama yangu aliondoka akiwa na ladha ya kosa langu mdomoni, na kwa mara moja katika maisha yake alishindwa kusema asante ya uongo.

Hapo ndipo nilipoanza kuoka kila Jumamosi. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa na njaa. Nilijaribu ndizi za kila aina sokoni. Nilijaribu kuziivisha kwa maparachichi, kwa gunia, kwa pumba. Nilitupa trei, nikatafuta makopo, nikaloweka magunzi kwenye beseni huku mume wangu akiniuliza kwa upole kama yote ni sawa. Vishimo nilivipata. Harufu sikuipata. Dada alipokuja kunitembelea nikampa moja, akaila nusu.

"Hii ni mkate," akasema. "Mkate mzuri. Lakini mkate."

Nikamwambia najua. Nikamwambia tena kwamba ndizi ile ilikwisha, niliing'oa mwenyewe, na siwezi kuipata kwenye maabara yoyote kwa sababu hakuna aliyewahi kuitaka isipokuwa sisi. Nilisema mengi, na sauti yangu ilipanda, na mwisho nikalia mbele ya dada yangu kama siku za gunzi la nne. Aliningoja nimalize. Halafu akaniuliza kama nimesahau maharusi.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mama aligawa machipukizi yale kwa zaidi ya miaka thelathini. Dada alihesabu nyumba kwa vidole. Wengi waling'oa, wengine kwa ushauri wa watu kama mimi. Lakini chini karibu na mto kulikuwa na mama mmoja aliyeolewa nikiwa bado shule ya msingi, na dada alidhani kwake bado kuna kichaka nyuma ya zizi.

Wiki iliyofuata nilikwenda. Nilimkumbuka nilipomwona. Alikuwa mmoja wa wale niliowakasirikia, bibi arusi mwenye kitambaa kipya cha kichwani aliyeondoka na chipukizi la mama bila kusema neno. Sasa ni bibi mwenye wajukuu, kiuno kimeanza kumsumbua. Alinikaribisha uji, akaniuliza habari za Embu, kisha akanipeleka nyuma ya zizi. Nilisimama pale nikashindwa kusogea. Migomba myembamba, majani yamechanika, mkungu mdogo wa kuchekesha, ndizi fupi nono. Nilishika moja, nikaigeuza mkononi.

Hakuniuliza nataka nini. Alichukua panga na jembe, akachagua chipukizi zuri la majani membamba, ambalo hata mimi ningelichagua, akalikata kutoka kwa mama yake likiwa na udongo wake, akalifunga kwa jani, akaniwekea mikononi. Nami nikafanya nilivyolelewa na ofisi.

"Asante sana, mama," nikamwambia. "Mungu akubariki."

Uso wake ulibadilika. Alilichukua chipukizi kutoka mikononi mwangu, akaliweka chini, akalikata vipande vitatu kwa panga na kuvitupa upande wa ng'ombe. Ng'ombe akaanza kutafuna.

"Sasa hiyo umeharibu," akasema. "Haitamea. Kwani mama yako hakukufundisha? Mche haushukuriwi. Ukishukuru ni kama kusema imetosha."

Nilikasirika, nakiri. Nina cheti cha kilimo ukutani. Nilimweleza, kwa sauti ile ninayotumia kwenye mikutano ya wakulima, kwamba chipukizi humea kwa mizizi, kwa maji na kwa samadi, na halina masikio. Alinisikiliza kama wakulima wanavyonisikiliza, kwa adabu kamili na bila kuamini hata neno. Kisha akanipangia. Hawezi kunipa tena, kwa sababu nimeshamshukuru. Lakini Jumamosi atakuwa na kina mama wenzake, wakiosha kanisa. Jembe huwa linakaa pale kwa ua. Yeye hataona kitu.

Dada yangu alipopata habari alicheka mpaka akatafuta mahali pa kuketi. Aliniita afisa mwizi wa ndizi, na jina hilo bado analo kwenye simu yake.

Nilirudi Embu na nikaja tena Jumamosi, safari nzima kwa ajili ya chipukizi moja ambalo ningeweza kulibeba siku ile ya kwanza. Jembe lilikuwa pale kwenye ua. Kanisani yule mama hakuwa amekwenda, kwa sababu nilimwona kwenye dirisha la jikoni, amenipa mgongo, anapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Nilichimba. Nilifukia shimo vizuri. Nilipofika njiani nikiwa nimelikumbatia lile chipukizi, matope kifuani, nilikuwa nimelimeza neno lile mara tatu. Sikujua kwamba kutoshukuru ni kazi ngumu namna hiyo.

Tulilipanda nyuma ya jikoni, pale pale pa zamani. Ili kulipisha niling'oa mgomba wangu mmoja wa maabara, na dada hakusema lolote, jambo ambalo kwake ni hisani kubwa. Kisha ikawa kungoja. Mgomba hauna haraka ya mtu. Kila Jumapili baada ya ibada nilimpigia dada simu, nikamwuliza habari za afya yake kwa dakika moja na habari za mgomba kwa dakika kumi. Mwezi wa tano tangu tulipande, mvua ya mawe ilichana majani yote nikakosa usingizi. Mwezi wa kumi na moja alinitumia picha ya ua lililochungulia, nikaiangalia kwenye mkutano huku mkuu wangu akizungumza habari za mbolea. Niliongea na mama sana wakati huo, kichwani, nikiwa naendesha gari au nikikunja nguo. Nilimwambia ngoja kidogo, mkungu unakuja. Najua jinsi linavyosikika. Nilimtamani mama yangu mpaka nikamwahidi mkungu wa ndizi kama mtu anavyomwahidi mtoto aliyelala.

Mwaka na miezi mitatu baada ya kupanda, dada aliukata mkungu na kuuweka darini. Ana jiko la gesi siku hizi, lakini jiko la kuni hakulibomoa, anasema gesi haijui kupika githeri ya mahindi na maharagwe. Alizifunika ndizi kwa majani makavu, akawasha moto asubuhi na jioni kwa siku saba, na siku ya saba, Jumamosi, nikafika.

Makopo ya mama yalikuwa yamebaki manne. Moja lilikuwa la kupimia maharagwe, mawili ya kunyweshea kuku, moja tulilikuta uvunguni limejaa misumari. Tuliyasugua kwa majivu. Magunzi dada alikuwa ameyaloweka tangu alfajiri bila mimi kumwambia. Nilipozimenya zile ndizi ngozi ilitoka yenyewe, na harufu ikapanda. Ilikuwa ile. Asali, kuni, sweta. Dada alikuwa anachochea moto, akanigeukia, na nikaona kwamba naye imempata, kwa sababu alianza kupuliza makaa yaliyokuwa yameshashika.

Tuliponda, tukakoroga, tukamwaga rojo. Mchanga, makopo, sinia, makaa. Nilikuwa na saa mkononi lakini sikuitazama. Dada aliinama akanusa, akasema bado. Akanusa tena, akasema bado. Mara ya tatu akachukua kipande cha gunia akafunua.

Nilizungusha gunzi la kwanza na kulichomoa. Vishimo vilikuwepo, safu kwa safu. Niliuma, na sikufanya lolote la maana isipokuwa kusimama pale katika moshi na machozi yakinitoka. Nilikuwa na miaka tisa, na mama alikuwa ameenda tu kumwaga maji nyuma ya jikoni na angerudi sasa hivi. Nilisikiliza mlango. Nasema kweli, nilisikiliza mlango.

Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mama. Alikula donati ya kwanza kimya. Akala ya pili. Alifyonza gunzi lake, kisha akanyoosha mkono, akalichukua na langu, akalifyonza. Nilimwacha. Nilisimama na sahani tupu nikimngoja aseme kitu, baada ya miaka yote ile, baada ya safari zote, baada ya kuiba ndizi mchana kweupe nikiwa afisa wa serikali. Alijipangusa mdomo, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema neno, akaufunga. Akatazama mlangoni.

"Hata asante huniambii?" nikamwuliza.

Alinishangaa.

"Nikushukuru ndio ziishe?"

Niliweka sahani chini. Nilimwona mama kwenye kile kitanda cha Embu, vidole vimepanguswa, mdomo umefunguka na kufungwa juu ya lile neno ambalo alimpa hata aliyekosea namba. Kwa maji alinishukuru, kwa kuwa maji yalikuwa ya siku ile. Donati za ndizi kubwa, za mkono wa binti yake aliyesoma, alikuwa bado anazitaka. Alikuwa anangoja Jumamosi nyingine.

Dada aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni moshi. Nilitoka nje nikasimama karibu na mgomba, ambapo machipukizi matatu yalikuwa yameshaota, na kwa mbali, juu ya kahawa, panaonekana mahali tulipomlaza mama. Nilikumbuka karatasi ile ya mazishi, na mstari ule ambao ulimi ulikataa kuusoma. Sijamshukuru mama yangu mpaka leo, na sitamshukuru.